Siku Tuliyoshuka Wote Garini

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka kumi na saba, nikisoma sekondari Kigali na kukaa kwetu Nyakabanda. Mwalimu wetu wa uraia, mama mmoja mpole, alitupeleka mjini kuwasikiliza watetezi wa haki za binadamu. Mkuu wa shule aliruhusu safari ile akidhani tunakwenda kuona mahakama.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Aliyetufundisha alikuwa mzee mfupi, aliyefungwa bila mashtaka vita vilipoanza mwaka 1990. Hakutuhubiria. Alijifanya askari, akanyoosha mkono: "Kitambulisho!"

Tulipokitoa kimya, alifoka. "Mmeshindwa! Toa, lakini uliza kosa lako ni nini. Na msimwache mtu aulize peke yake."

Tulicheka sana. Rafiki yangu wa dawati moja alicheka hadi machozi, kwa jinsi mzee alivyovimbisha mashavu.

Jioni, tukirudi, basi dogo tulilokodi likasimamishwa kwenye kizuizi. Askari alikusanya vitambulisho, akasoma palipoandikwa kabila, akamshika rafiki yangu mkono.

"Mtutsi, shuka. Wengine muende."

"Kosa langu ni nini?" aliuliza.

"Kosa iko hapa," askari akajibu, akikigonga kitambulisho kwa kidole.

Mwalimu akashuka, akasimama kando ya rafiki yangu. Ndipo nami nikashuka. Tukashuka wote, hata binti wa mkubwa mmoja serikalini, ambaye shuleni hatukuthubutu kuzungumza siasa mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza: "Bwana askari, kosa lake ni nini?" Tukaitikia swali lilelile, kwa sauti.

Askari alimzaba mwalimu kofi. Mwalimu akapangusa damu mdomoni.

"Umenipiga," alisema, "lakini mtoto hujamjibu."

Watu waliotoka sokoni walianza kusimama na kutazama. Mkubwa wa kizuizi akaja, akaukagua ule umati uliozidi kukua, akavirusha vitambulisho vyetu chini. "Ondoeni kelele zenu hapa!"

Kesho yake mwalimu alifukuzwa kazi. Mkuu wa shule akatutaka tuombe radhi mbele ya shule nzima. Tulipangwa mstari uwanjani, akangoja. Hakuna aliyefungua mdomo. Alitusimamisha masomo, tukaondoka vichwa juu.

Rafiki yangu aliuawa mwaka 1994. Yule mzee pia. Wapo wanaoniuliza, kwa upole kabisa, basi siku ile ilisaidia nini. Nawaambia: jioni ile alifika kwao, akala chakula cha mama yake, akalala kitandani pake. Aliishi karibu miaka miwili zaidi, akasoma, akapenda, akagombana nami na tukapatana. Asiyeona kitu hapo, mimi sina la kumweleza.