Mgeni Rasmi Alipoongoza Bendi Yetu

Nilijiunga na darasa la muziki pale Geita nikiwa tayari bingwa, kwa maoni yangu mwenyewe. Tarumbeta nilijifunza kwa simu, nikipulizia ukuta wa chumba changu, na ukuta haukuwahi kulalamika. Mwalimu wetu, mama aliyestaafu kutoka bendi ya jeshi, alinisikiliza nikipiga na wenzangu siku ya kwanza, akasimamisha wimbo.

"Pumzi unayo, baba. Wenzako umewasikia?"

"Nimewazidi, mwalimu."

"Hilo tumelisikia sote."

Akaniamuru nishike tarumbeta na kubonyeza tu bila kupuliza, mazoezi yote ya siku hiyo. Niliona aibu kama mtu aliyealikwa harusini akakatazwa kula. Lakini ndipo nilipomsikia dada wa tuba akivuta pumzi kabla ya kuingia, na ngoma ikishuka kuipisha klarineti. Kuanzia hapo kazi yetu ikawa kusikilizana, hadi tukaweza kuanza wimbo bila kumtazama mtu.

Mafunzo hayo yalituokoa Masumbwe, tulikoalikwa kwenye uzinduzi wa soko. Tulipokwisha kujipanga, mgeni rasmi akainuka na kumwomba mwalimu fimbo ya kuongozea, kwa ile namna ya kuomba isiyosubiri jibu.

"Hawa nitawaongoza mimi."

"Karibu, mheshimiwa." Kisha mwalimu akatuinamia: "Sikilizaneni."

Mheshimiwa akapunga fimbo kama anayefukuza ndege kwenye mpunga. Dada wa tuba akavuta pumzi, tukaingia sote. Tulipokaza, yeye alikuwa anabembeleza. Tulipolegeza, akachapa hewa. Wimbo ukaisha mkono wake ukiwa bado juu. Mpiga ngoma, Mungu ambariki, akaongeza mvumo mpaka mkono uliposhuka, tukafunga kwa sauti moja.

Vigelegele vikalipuka. "Wabeja!" akina mama wakashukuru kwa Kisukuma. Mheshimiwa akajifuta jasho, akashika kipaza sauti.

"Mmeona? Vijana wetu wana vipaji. Walichokosa ni uongozi tu!"

Mwalimu alipiga makofi kuliko wote. Mimi masikio yaliniwaka kwa hasira, nikamuuliza kwa nini amenyamaza.

"Klarineti zilichelewa kuingia," akanijibu, akaenda kuwaambia wenyewe.

Mwezi haukuisha tukaitwa Shinyanga kwenye sherehe nyingine. Mheshimiwa alifika mapema na fimbo yake mwenyewe, yenye mpini wa pembe ya ng'ombe, akatuuliza leo tungependa atuongoze wimbo gani.