Siku Mke wa Mwanangu Alipotufundisha Tezi Dume

Kwetu magharibi mwa Kenya, baba mkwe na mke wa mwanawe hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawali meza moja, wala hawazungumzi mambo ya mwili wakisikilizana. Desturi hiyo nilikuja nayo hadi Doha, Qatar, na haikunisumbua, maana mimi ni dereva, nalala mtaa wa Muaither, na mwanangu na mkewe wanaishi mbali, huko Al Wukair. Nikiwatembelea, binti huyo huniandalia ugali sebuleni kisha hupotelea jikoni, na kwaheri tunaagana kupitia mlango. Nilijivunia sana mpangilio huo.

Ijumaa moja baada ya ibada tukatangaziwa kwamba kliniki fulani inapima wanaume bure. Nilidhani ni presha na sukari. Nilikwenda na wenzangu ninaolala nao chumba kimoja, tukitaniana kwamba tumefuata chai na mandazi. Tulipokwisha kukaa, akaingia nesi wa kutufundisha, na nesi mwenyewe alikuwa mke wa mwanangu, ambaye sikujua anafanya kazi hapo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alipotaja tezi dume, na mkojo unaokatikakatika, na daktari anayevaa glavu akaingiza kidole kwa nyuma, nilikodolea macho viatu vyangu kama mtoto aliyejikojolea darasani. Yeye naye aliongea akiutazama ukuta. Wanaume walicheka kile kicheko cha watu wenye hofu. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza, "Mzee, hapo kwa kidole mimi nimesare, siwezi." Nikamkanyaga mguu.

Kutoka sikuweza, kwa kuwa ningepita mbele yake, basi nikasikiliza. Alisema saratani hii mara nyingi huanza kimya, bila maumivu yoyote, ndiyo maana mtu anatakiwa apimwe akijiona mzima. Ikichelewa kugunduliwa huweza kufika kwenye mifupa, mtu akawa analia na mgongo. Hapo nikamkumbuka baba yangu. Baba alikufa kwa mgongo; ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyowaambia waliokuja matangani. Lakini chini ya blanketi alikuwa na mpira wa mkojo, na mama alitufukuza chumbani kila alipokwenda kumwaga mfuko wake.

"Kuna mtu hapa baba yake aliugua hivi?" akauliza. "Hata kama hakupimwa, lakini dalili zilikuwa hizi? Hii kitu inaweza kufuata familia. Wewe na vijana wako mnafaa kuongea na daktari mapema."

Nikiinua mkono, binti huyu angejua mambo ya chini ya blanketi ya ukoo mzima alikoolewa. Nisipoinua, mumewe angeendelea kuishi bila kujua kilichomuua babu yake. Aibu ilinichoma hadi masikioni. Nilikasirika pia: nilimkasirikia baba, nikaikasirikia kliniki, nikamkasirikia na huyu binti kwa nini hakusomea ualimu. Kisha nikainua mkono.

Akaacha kutazama ukuta, akanitazama mimi. Mwenyekiti wa mkutano, ambaye hakutufahamu, akauliza kwa uchangamfu, "Mzee, uko na vijana?"

"Ako na mmoja," akajibu yeye kabla sijafungua mdomo. Akaweka maikrofoni mezani, akakaa.

Wakati wa kutolewa damu ya kupimia tezi hiyo palikuwa na viti viwili, chake na cha nesi wa kiume. Wanaume wote walijipanga kwa yule wa kiume. Mimi nilikwenda nikakaa kwake, nikakunja shati.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "huyo kaka pale anaweza kukutoa damu. Si lazima iwe mimi."

"Nitoe wewe. Na bwana yako nitampigia leo leo, nimwambie mwenyewe."

Akatafuta mshipa, akatoa damu, akabandika pamba. Nilipotaka kusimama, hakunipa nafasi. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na nilijua kitakachofuata, nikaomba Mungu asiniulize.

"Na mkojo, baba? Unatoka vizuri?"

Wenzangu walikuwa hapo hapo nyuma yangu, wakisikia kila neno. Ningeweza kusema ndiyo, nikaenda zangu kunywa chai.

"Hapana, mama," nikasema. "Tangu mwaka jana hautoki vizuri."