Baba ameulizia bima kabla ya tiketi

Leo baba yangu kanishangaza kwenye ofisi ya tiketi hapa Musoma mjini.

Anaenda Dubai kumwona dada yangu. Nilijiandaa kubishana naye, maana zamani alikuwaga anasema, "Bima ya safari ni kujiitia ugonjwa."

Kabla sijasema neno, kamwambia yule binti wa tiketi, "Binti, tuanze na bima."



Mama yangu alipoenda kumwona dada, alipata kiharusi hukohuko Dubai. Bima niliyomkatia kimyakimya ndiyo ililipia hospitali na safari ya kurudi. Tukakaa naye kijijini Kiriba miaka miwili zaidi kabla hajafariki, akila sato na kumcheka baba kwa ubishi wake.

Tulivyotoka nje, baba kaniambia taratibu, "Ile miaka miwili, mwanangu, niliipenda sana."

Mliomjua mama, niandikieni hapa mnachomkumbukia.