Chakula cha Nasimiyu

Ipo siku moja ya palizi, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani hadi leo. Ilikuwa katika miaka ya hamsini, nyumbani kwetu Bokoli, mahindi yakiwa yamefika magotini. Majirani walikuwa wamekuja kutusaidia kupalilia, kama ilivyokuwa desturi: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba huwapikia waliolima. Shemeji yangu Nasimiyu, mke wa kaka yangu Wafula, alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alisonga ugali wa wimbi, akapika kunde na majogoo wawili ambao Wafula alikuwa amewachinja. Jua lilipofika utosini alitandika majani ya migomba kivulini nyuma ya ghala, akaleta maji ya kunawa, akawakaribisha watu.

Hakuna aliyeketi.

"Ng'ombe yangu imekata kamba," akasema Mzee Makokha, jirani yetu wa karibu, akisugua jembe lake kwa nyasi.

"Nani amekuambia?" Wafula akamuuliza.

"Naijua tu hiyo ng'ombe. Saa hii lazima imekata."

Mwingine akasema tumbo lake bado limejaa chai ya asubuhi. Mama mmoja wa kanisani akakumbuka kwamba ameacha nguo kwenye kamba na mvua inakuja, na angani hapakuwa na wingu hata moja. Waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, wakishukuru kwa chakula ambacho hawakukigusa. Wachache tu walibaki wamesimama mbali kidogo, wakitazama mikono yao. Nasimiyu alisimama na birika la maji mkononi, hajui amwagie nani.

Mimi sikuwa shambani. Nilikuwa nimejifungia ndani ya simba yangu, kile kijumba ambacho kwetu kijana asiyeoa hujengewa pembeni mwa boma, nikiyatazama haya yote kupitia dirisha dogo. Nami nilikuwa chanzo cha yote, ingawa wakati ule ningekuapia kwamba sikuwa nimemtendea mtu yeyote jambo lolote.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa nimerudi nyumbani mvua zilipoanza. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza katika chuo kimoja ng'ambo ya mpaka, huko Uganda, nikabaki kuendelea na utafiti, jambo ambalo vijana wachache sana wa kwetu walikuwa wamelipata. Kisha akili ikagoma. Nasema "ikagoma," ingawa kwa miaka mingi nimelitafuta neno linalofaa zaidi na sijaliona. Nilikuwa nikisoma ukurasa mmoja kutwa nzima bila kuufikia mwisho. Maneno ya mwalimu wangu niliyapima hadi yakapoteza maana. Usingizi ulinihama, moyo ukawa unaenda mbio nikiwa nimeketi tu. Nilishuka kwenye treni pale Bungoma na sanduku la vitabu, nikawaambia watu wa nyumbani kwamba niko likizo.

Sasa, mtu aliyechoka namna ile husikia maneno ya wenzake kwa masikio mabovu. Wafula alikuwa mtu mkavu wa maneno tangu utotoni. Asubuhi moja alinikuta mlangoni, akasema, "Kumbe umeamka," akapita na ng'ombe wake. Maneno mawili. Nilikaa nayo mpaka adhuhuri. Je, alikuwa akinisema kwa uvivu? Alikuwa akinikumbusha kwamba yeye aliacha shule ili mimi nisome? Au alikuwa amejua kwamba sikuwa likizo? Kila jibu nililolipata lilizaa swali lingine, na katika majibu yote hayo halikuwamo lile rahisi, kwamba kaka yangu alikuwa ameniona nimeamka.

Katika boma letu wanaume walikula pamoja, nyumbani kwa mkubwa. Baada ya baba yetu kufariki, mkubwa alikuwa Wafula. Mama alipeleka chakula chake pale, Nasimiyu akapakua chake, nasi tukala sahani moja. Siku za kwanza nilikwenda. Halafu nikaanza kuona kwamba nikiketi mbele ya Wafula, napima kila neno lake badala ya kula. Nikaacha kwenda. Nilikunywa uji wa mama, kwa sababu jiko lake lilikuwa karibu na ningeweza kuuchukua nikarudi nao chumbani bila kuzungumza na mtu. Nilijiambia kwamba ninawaondolea usumbufu. Kwa kweli niliona huo ni uungwana.

Lakini nyumba ina macho mengi. Watu waliona kijana aliyerudi akiwa na afya, akala kwa shemeji yake siku kadhaa, akaanza kukonda, kisha akakataa chakula cha shemeji huku akinywa cha mama yake. Huhitaji kusoma, mwanangu, ili ujue walifikia uamuzi gani. Tena Nasimiyu hakuwa amezaliwa Bokoli. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la Mzungu upande wa Kitale, mahali walipoishi watu wa makabila mengi, na wasengenyaji wakasema ni huko alikojifunza dawa alizonitilia chakulani. Mimi, ndani ya simba yangu, sikusikia hata neno moja. Nilikuwa na shughuli na maneno mawili ya Wafula.

Basi siku hiyo ya palizi mlango wangu ulifunguliwa bila hodi, akaingia senge Nafula. Senge ni dada wa baba, na kwetu hakuna anayeweza kukufokea kwa haki kama yeye. Alikuwa ameolewa karibu na Bungoma mjini na alikuja mara chache, mguu wake ukimsumbua, sauti yake ikiwa haijasumbuliwa na chochote.

"Unafanya nini hapo dirishani?"

"Ninafikiri, senge."

"Utafikiri ukitembea. Vaa viatu."

Sikuvaa. Aliketi juu ya sanduku langu la vitabu, akaninyooshea kidole.

"Chakula cha shemeji yako unakataa. Uji wa mama yako unakunywa. Sasa ulitaka watu waseme nini? Waseme unapenda uji?"

"Sikukataa, senge. Ni kwamba nikiketi na watu..."

"Ati nikiketi na watu! Mimi najua? Umeniambia? Umeambia nani?" Aliusugua mguu wake. "Jumamosi wazee wa ukoo wanakaa. Huyo msichana atarudishwa Kitale kwa baba yake, na watoto watabaki hapa. Unyonyeshe wewe yule mdogo. Si umesoma mpaka vitabu vikaisha?"

Nikasema lile pekee lililonijia, na hata sasa ninaona aibu kwamba lilinihusu mimi: "Nilidhani Wafula ananichukia."

Senge alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wafula? Huyo anaogopa utakufa. Tangu ukuje anachapa ng'ombe kama wamemtukana. Mama yako anafagia uwanja mpaka udongo unaisha. Nasimiyu naye anapika, anapika, anadhani akipata chakula kile unapenda utakula. Na wewe umejifungia. Kila mtu katika hii boma ni mgonjwa wa huo ugonjwa wako, na hakuna anajua jina lake. Sasa inuka."

Nilitoka. Uwanja ule haukuwa mpana, lakini niliuvuka kama mtu anayevuka mto usiku wa mvua. Niliketi kwenye majani ya migomba, peke yangu, nikanyoosha mikono. Nasimiyu alinimwagia maji bila kunitazama. Nikamega ugali, nikachovya, nikala. Wale wachache waliobaki walikuwa wakinitazama kama watu wanaotazama mti ili waone utaangukia upande gani.

Nilijua kwamba kula peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kula kwa kulazimishwa na senge. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu, kwamba mimi ni mgonjwa. Kwamba nilianza kuugua kule chuoni kabla sijakanyaga Bokoli. Kwamba sikuwa likizo, niliacha masomo kwa kushindwa. Na kwamba chakula cha Nasimiyu nilikiacha kwa sababu niliogopa macho ya watu, si kwa sababu nilimwogopa yeye.

Kisha Mzee Makokha, ambaye kumbe hakuwa ameondoka, wala ng'ombe wake hakuwa amekata kamba hata kidogo, akauliza, "Ugonjwa gani huo sasa?"

"Wa mawazo, mzee."

"Mawazo!" Alitazama wenzake. "Hata mimi niko na mawazo. Niko na wake wawili! Na ninakula vizuri tu."

"Tunaona tumbo," mtu mmoja akamjibu, na watu wakacheka. Makokha akaweka jembe chini, akaketi kando yangu, akanawa. Mwingine akamfuata. Wafula alikuwa wa mwisho kuketi. Alichukua paja la jogoo, akaliweka upande wangu wa sinia, akaendelea kula akitazama chini. Ishara hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, sikuipima.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Jioni nilimfuata Nasimiyu jikoni kumwomba msamaha. Alikuwa akisugua masufuria.

"Umenisafisha mbele ya hawa waliobaki," akasema. "Wale walienda nyumbani bila kula, nani atawaambia?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyefikiria kila kitu. Kesho yake asubuhi Wafula alinisindikiza, tukaenda nyumba kwa nyumba. Katika kila nyumba niliyarudia maneno yaleyale ambayo ningetoa chochote nisiyaseme. Wengine walinionea huruma kupita kiasi, na hiyo iliniuma zaidi. Mama wa zile nguo za kamba aliniuliza kama basi mimi ni mwehu, nikamwambia sijui, ila Nasimiyu hana hatia. Njiani Wafula aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniambia mimi?" Nikamjibu ukweli, kwamba nilidhani amekasirika. Akasema, "Nilikuwa nimekasirika. Ulikuwa unakonda na unasema uko likizo." Jumamosi wazee hawakukaa. Nasimiyu hakurudishwa Kitale.

Nikarudi kula nyumbani kwa Wafula. Siku ya kwanza Nasimiyu alileta sahani, na kabla ya kuiweka mbele yangu alimega kipande, akachovya, akakila akinitazama machoni. Ndivyo afanyavyo mtu anayetaka kuonyesha kwamba chakula chake hakina kitu. Nikamsihi asifanye hivyo.

"Sifanyi kwa sababu yako," akasema. "Wanangu wataishi hapa."

Alifanya hivyo katika kila mlo. Masika yakaisha, mahindi yakavunwa, yeye akionja na mimi nikimeza pamoja na aibu yangu. Nilipopata nguvu nilipewa kazi ya ualimu Kitale, nikawa nikija nyumbani mwisho wa mwezi, na kila nilipokuja alionja. Nilikwenda nikaoa, nikaja na mke wangu, akaonja mbele yake pia. Hakuwa mkali kwangu. Tulizungumza, tulicheka, alinitania kwa kuwa mwembamba. Lakini sahani ilipokuja, alionja.

Kisha siku moja, bila sababu yoyote ninayoijua, alikuwa akimfokea mwanawe aliyemwaga maziwa. Akaweka sahani mbele yangu, akageuka, akaenda zake akiendelea kufoka. Hakuonja. Sidhani hata alitambua. Wafula aliona, akaacha kutafuna. Mimi nilikula chakula kile chote, na Wafula akajifanya haoni kwamba ninalia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Najua nawe una mzigo, kwa maana sauti yako imebadilika na barua zako zimekuwa fupi. Sitakuambia uache kuwaza. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo mara nyingi na haikunisaidia. Ninakuambia hivi: dhiki ikikujia, usidhani imekujia peke yako. Walio karibu nawe wanaiona kabla hujaitaja, na kila mmoja ataipokea kwa namna yake. Mmoja atafoka, mwingine atafagia, mwingine atapika, mwingine atanyamaza. Usiwahukumu kwa namna hiyo. Waulize, na uulize mapema, kwa maana unaponyamaza watu hawakuachi mtupu; watajaza kimya chako kwa habari zao wenyewe, na mara nyingi atakayelipia habari hizo ni yule asiye na wa kumtetea. Ukihitaji kukaa kando na mtu anayekuumiza, kaa kando, huna kosa. Lakini mwambie kwamba unakaa kando, na umwambie kwa nini, hata kama maneno yako si mazuri. Huhitaji kuutangazia ulimwengu. Mtu mmoja anatosha kuanzia. Na ukiwa umemuumiza mtu, usihesabu kwamba neno la msamaha limemaliza kazi. Rudi mezani kwake kila siku, umwache apone kwa mwendo wake.

Mungu akuondolee hofu ya macho ya watu. Akupe usingizi mzuri, na ndugu wa kukuuliza na wewe ukamjibu ukweli. Popote utakapoketi kula, anayekupakulia asilazimike kuonja kwanza mbele yako, wala mkono wako usisite kumega.