Leseni Imekaa kwenye Jina Langu

Nawaomba sana, haya yaishie humu humu kwenye kundi letu. Hata picha ya skrini msipige.

Leo nimepewa kazi ya kuweka programu ya kuchorea ramani za viwanja kwenye kompyuta ya ofisi.

Fundi wa kompyuta alinisisitizia kwenye simu: "Weka tu, usisajili. Leseni ni moja, inasajiliwa mara moja, tena kwenye akaunti ya mpima ardhi."

Nikaweka, nikiwa kwenye akaunti yangu. Ikafika kwenye kitufe cha "Sajili leseni".

Nikaacha. Naapa niliacha.

Akaingia Mzee, mkuu wetu wa kitengo. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Mbona umekwama?"

Nikampisha kiti. Ningefanyaje? Mtu mzima asimame, mimi nimekaa?

Kabla sijaeleza, akavaa miwani na kucheka. "Wasomi wa siku hizi mnaogopa hadi kitufe!"

Akabonyeza.

Jamani. Leseni ya ofisi sasa ina jina langu. Mpima anarudi kesho kutoka wilayani Chemba na vipimo vyake, na mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio. Nikisema ukweli, nimemshtaki Mzee. Nikinyamaza, kosa ni langu.

Kuna anayejua namna ya kuihamisha?

Ukijua, usinipigie simu. Naandika nimejificha masjala. Nikirudi, simu inakaa mezani, na Mzee bado amekalia kiti changu.

Andika tu "Mama anakusalimia". Nitaomba ruhusa nitoke nje, nikupigie.