Mtani Aliyelala Kizingitini

Babu yangu tulimzika Goweko, wakati wa kuvuna tumbaku. Nilikuwa mdogo, na Mungu anisamehe, naukumbuka zaidi ubwabwa wa msibani kuliko marehemu. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, Mgogo mmoja akarukia ndani, akajinyoosha.

"Hapa pangu! Mzee wenu atafute kwingine!"

Waliokuwa wakilia wakacheka. Ndio utani wetu Wanyamwezi na Wagogo: mtani akilala kaburini hatoki mpaka apewe chake, na kumkasirikia ni mwiko. Akapewa jogoo, akatoka. Jogoo mwenyewe alikuwa mkali, alishanidonoa, sikumlilia.

Habari hiyo nilikuwa nimeisahau hadi kipupwe cha mwaka jana, hapa mtaani kwetu Tabora. Tunalo ghala bovu la tumbaku ambamo wasio na makazi hulala. Wageni hudharau baridi yetu, lakini alfajiri hata mbwa hulala juu ya majivu. Basi ukaitishwa mkutano. Wengine walisema ghala lifungwe, linaleta uchafu na wezi. Wengine wakauliza, watu hawa waende wapi na baridi hii? Kelele tupu. Waliotaka lifungwe wakashinda. Mwenyekiti wa mtaa, Mnyamwezi mwenzangu, akachukua kufuli, tukamfuata.

Kizingitini amelala mzee mmoja wa humo ndani, msuka mikeka, Mgogo. Kajinyoosha, mikono kifuani, macho kafumba.

"Mzee, tupishe," mwenyekiti akasema.

"Maiti hapishi. Mbeba mizigo wee! Babu zako walipita kwetu na pembe za ndovu mabegani, nani aliwapa maji?"

"Mlitupa bure? Mlitutoza hongo ya kupita!"

"Basi na leo natoza. Sitoki kaburini mpaka nipewe changu."

Watu wakaangua kicheko, hata wale wa kufunga.

"Unataka nini, ombaomba mkubwa?"

"Kipupwe kiishe mlango ukiwa wazi."

Mwenyekiti akatutazama. Nani angemruka mtani? Akalitia kufuli mfukoni. "Haya, mtumwa wangu, umepewa. Mpaka mvua za kwanza."

Nimewasikia wasemaji wengi, wenye vipaza sauti. Sijaona mwingine aliyeshinda mkutano kwa kulala.

Mzee akainuka, akajikung'uta vumbi, akakunja mkeka wake.

"Baba, unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Si mlango umeachwa wazi?"

"Mtani akishapewa chake, hukaa kaburini?"

Akashika njia ya reli, mkeka kichwani. Hatukumwona tena.