Wa Tano Nchi Nzima

Mpaka leo nikisikia wanaume wanapanga wachezaji vijana kwa namba, wa kwanza nani, wa pili nani, nyongo inanitibuka. Watu hudhani sipendi mpira. Mpira naupenda sana. Ninachokichukia ni domo.

Miaka ile ya mwisho ya tisini nilikuwa nasuka nywele kule Point, Durban, katika chumba kimoja na kinyozi. Mbele wanaume, nyuma sisi wanawake, na katikati pazia la maua ambalo halikuzuia neno hata moja kupita. Kinyozi alikuwa mtu wa Bukavu kama mimi, mwenye mikono myepesi na mdomo usio na breki. Wateja wake walikuwa Wakongo watupu, isipokuwa mwanafunzi mmoja Mkenya, mwembamba, mwenye miwani, aliyekuja kwa sababu bei ilikuwa nafuu.

Mara moja kwa mwezi gazeti la Jumamosi lilichapa orodha ya vijana ishirini bora wa nchi nzima, wale ambao timu za vyuo vikuu zilikuwa zikiwawania. Chuo kikikuchukua uchezee timu yake, kinakulipia ada, chakula na kitanda. Orodha ile ilisomwa pale kwa heshima ambayo mahubiri ya Jumapili hayakuipata, kisha wanaume wakaichambua mpaka ikabaki mifupa. Nani aliitunga? Aliwahi kufika Jacobs, kwenye viwanja vyetu vya viwandani? Hakufika! Basi kinyozi akachukua rangi nyeupe ya viatu akaandika orodha yake mwenyewe juu ya kioo, na namba moja akamweka mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza sekondari mwaka uliotangulia, tena kwa alama nzuri, na sasa alikuwa anapakia magunia katika kiwanda kimoja cha Jacobs, kwa sababu ada ya chuo hatukuwa nayo. Jumapili baada ya ibada alicheza winga ya kushoto kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya viwanda. Mimi ndiye niliyemlea tangu tulipokimbia kwetu. Nilitaka asome, basi. Mpira ulikuwa mlango, na mlango mwingine sikuuona.

Pale kwa kinyozi palikuwa na desturi: anayenyolewa ndiye mwenye neno. Wengine hubweka kutoka kwenye benchi, lakini aliye kitini lazima asikilizwe mpaka mwisho. Siku ilipofika zamu ya Mkenya, alitazama kioo, akavua miwani, akasema, "Huyu kijana ni mzuri. Lakini namba moja? Wapi! Mimi namweka wa tano."

Kinyozi alizima mashine. Alimwacha vile vile, upande mmoja umenyolewa na mwingine una msitu, akaenda nje kuvuta sigara. Na mimi nyuma ya pazia nilimvuta mteja wangu nywele mpaka akapiga kelele. Wa tano! Mtoto aliyekula ugali wangu, mwenye mguu wa kushoto ambao hata mapadri walikuja kuutazama, eti wa tano. Kuanzia siku hiyo sikumsalimia yule Mkenya. Alipokuja, mjadala ulianza upya, na kila mara alisema lile lile, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma bei ya mkate. Wengine walimwita mchawi.

Kisha ikaja siku moja nilikwenda Isipingo kununua nywele za kusukia. Niliporudi, wanaume walikuwa wanacheka na kinyozi alikuwa anawamiminia soda.

"Maman, leo tumemuokoa mutoto wako!"

"Kumwokoa na nini?"

"Muzungu mumoja alikuya hapa na calepin, kadaftari ka kuandika. Anauliza jina yake yote, ya kwanza na ya nyuma. Tukamuambia hatumujue. Hata siku moja hatujamuona."

Nilitazama kioo. Kilikuwa na ukungu mweupe tu.

"Nilifuta mbio mbio na taulo," alisema kinyozi, kifua mbele.

"Alivaa nini?"

"Tracksuit. Na filimbi hapa kwa shingo."

"Mtu wa uhamiaji anavaa filimbi?"

"Maman, bale batu biko na mayele, ujanja mingi. Wanaweza kuvaa kila kitu."

Nikauliza kama ile tracksuit ilikuwa na maandishi. Mmoja wao akasema ndiyo, mgongoni, na bila aibu akanitajia jina la chuo kikuu. Walisoma! Walisoma jina la chuo mgongoni mwa yule mtu akiondoka, na bado wakafungua soda.

Hofu yao naijua, ilikuwa yangu pia. Mgeni mwenye karatasi akiuliza jina la mtu, jibu ni hatumjui. Tulifundishana hivyo tangu kambi ya wakimbizi, na ndivyo wengi wetu tulivyofika Durban tukiwa wazima. Lakini siku ile nilitamani kuwapiga kwa kiti. Miezi na miezi walikuwa wakiimba jina la mdogo wangu mpaka barabarani, na siku moja ambayo jina hilo lilihitajika, likawakwama kooni.

Kesho yake nilimchukua mdogo wangu tukaenda chuoni. Kocha alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchomwa na jua. Alisema alikwenda Jacobs kumtazama beki wa timu nyingine, macho yake yakabaki kwa winga wetu, na mwamuzi akampa jina moja tu. Akaulizia kiwandani, akaulizia kanisani, akaulizia Point. Kote aliambiwa hakuna mtu kama huyo.

Nilimwekea mezani cheti cha shule na kibali cha ukimbizi. Akavisogeza pembeni kwa kidole kimoja.

"Mwaka jana nilimchukua kijana mwenye karatasi nzuri kuliko hizi," alisema. "Jina halikuwa lake na umri haukuwa wake. Nusura nifukuzwe kazi. Nafasi ninayo moja. Niletee mtu asiye ndugu yenu, aje aniangalie usoni aniambie huyu ni nani. Mpaka keshokutwa."

Nikafikiri, hilo tu? Watu ninao chumba kizima.

Nilirudi Point nikasimama mbele ya pazia, upande wa wanaume, mahali ambapo sikuwa na desturi ya kusimama. Niliwaeleza. Kila mmoja akatazama viatu vyake. Huyu alikuwa na zamu ya ulinzi. Yule alikuwa na mgonjwa. Kinyozi alifuta wembe uliokuwa safi tayari.

"Maman, minapenda ule mutoto kama wangu. Lakini papier yangu ya kukaa hapa ilikufa tangu mwezi ya tatu. Kwa geti wataiomba."

Niliwapa vidonge vyao. Niliwaambia debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba mdogo wangu ni namba moja pale tu ambapo hakuna anayeuliza. Niliwaambia wasimtaje tena, wala kwa sifa.

"Mimi nitaenda," alisema mtu benchini.

Alikuwa yule Mkenya. Kitabu kilikuwa wazi mapajani.

"Wewe? Wewe unayemweka wa tano?"

"Niko na kibali cha masomo, dada. Pale geti hawatanifanya kitu."

Hata hapo hasira haikushuka. Ilipanda! Kwamba ushujaa wenyewe ni mhuri ndani ya pasipoti, na huyu anao mfukoni, na wale wanaompenda mtoto wangu hawana. Nilitaka kumkatalia. Badala yake nikasema ahsante kwa ukavu.

Siku ya kwenda nilimwomba yule Mkenya njia nzima, ndani ya basi. Mdogo wangu alitazama dirishani akijifanya hasikii. "Kocha akikuuliza, mwambie ni wa kwanza. Neno moja tu. Utapungukiwa nini?"

"Dada, siwezi kusema nisichokiona."

Mbele ya kocha alisema jina la mdogo wangu lote, umri wake, na kwamba humwona uwanjani kila Jumapili na kanisani pia. Kocha alikuwa anaandika. Kisha akauliza, kama mtu anayepitisha muda, "Na uwezo wake unauonaje?"

Nilifumba macho.

"Kwangu mimi ni wa tano."

"Wa tano Jacobs?"

"Hapana. Nchi nzima. Hashuki kukaba, na mguu wa kulia ni wa kusimamia tu. Bila hayo mawili ningempandisha."

Kocha aliweka kalamu chini. Alimtazama Mkenya kwa muda, miwani, kitabu, shati lililopigwa pasi, kisha akamtazama mdogo wangu kama ndiyo kwanza anamwona.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi hao kumi wa juu hawaji kwangu, wanakwenda kwenye vyuo vyenye pesa. Hapa natafuta wa hamsini." Akasimama, akampa mdogo wangu mkono. "Jumatatu, na viatu vyako. Hilo la kukaba tutalishughulikia."

Nje mdogo wangu alijifunika uso kwa jezi yake, mabega yanatetemeka, sikujua anacheka au analia. Yule Mkenya alisimama kando akifuta miwani, akitupa nafasi. Nilijua kilichonipasa. Nimelelewa vizuri, na mtu aliyekufaa hushukuriwa kwa mikono miwili. Nilimwendea nikamshika mikono yote miwili, nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Na hao wanne wa juu yake ni nani?"